Wati elfu moja zinaingia, theluthi ya wati inatoka

Tuanze na hesabu, maana ugomvi wote kuhusu antena fupi za mawimbi marefu, wa wapi nguvu zinapotelea, umo humo. Mwanaredio wa ridhaa, yaani anayerusha redio kwa kupenda tu, si kwa biashara, ana uwanja wa kawaida nyuma ya nyumba. Amesimamisha mlingoti, amepandisha waya mita 12 kwenda juu, kisha waya huohuo ameuvuta mlalo kama kamba ya kuanikia nguo, mita 40 hivi. Anataka kurusha kwenye kilohezi 137, ndani ya kipande chembamba cha kilohezi 135.7 hadi 137.8 ambacho mkutano wa dunia wa mawasiliano ya redio wa mwaka 2007 uliwagawia watu wa ridhaa. Kiwango kilichoruhusiwa ni wati 1, ikihesabiwa kana kwamba antena inarusha sawasawa pande zote. Antena ya wima iliyo juu ya ardhi hairushi hivyo. Nguvu zake huzielekeza kwenye upeo wa macho, mara tatu zaidi, kwa hiyo theluthi moja ya wati ikitoka kweli hewani, kiwango kimeshafikiwa.

Ili hiyo theluthi itoke, mtu wetu anaweza kulazimika kusukuma wati 1,010 kwenye antena. Zaidi ya wati elfu moja zinabaki nyumbani, zikipasha joto udongo, majani ya mwembe na waya wa koili, ile mizunguko ya waya inayokaa chini ya antena.

Mtu anayetoka kwenye bendi za kawaida za mawimbi mafupi akiziona namba hizi hudhani kuna kosa. Hakuna. Kwenye kilohezi 137 wimbi moja lina urefu wa mita 2,190 hivi. Antena nzuri ya kitabuni, ile ya robo ya wimbi, ingetaka mlingoti wa karibu mita 550. Mita 12 mbele ya wimbi hilo ni njiti ya kibiriti.

Mainjinia hupima uwezo wa antena kurusha kwa kitu kiitwacho ukinzani wa mnururisho. Jina linapotosha kidogo, kwa sababu hakuna kitu kinachokinza wala kupata joto. Ni namna ya kusema: ampea moja ikipita hapa, wati ngapi zitaondoka zikiwa mawimbi? Kanuni yake kwa antena fupi ni rahisi. Chukua kimo fanisi cha antena, yaani kimo kinachofanya kazi kweli, kigawe kwa urefu wa wimbi, jibu lizidishe kwa lenyewe, kisha zidisha kwa 1,579. Waya mtupu uliosimama wima una kimo fanisi cha nusu ya urefu wake, kwa sababu mkondo unapungua kadiri unavyopanda hadi kuwa sifuri kwenye ncha. Ukiuwekea waya mlalo kule juu, mkondo unapata pa kwenda, haupungui sana njiani, na kimo fanisi kinakaribia kimo chenyewe. Tuseme antena yetu ya mita 12 ina kimo fanisi cha mita 10. Jibu ni omu 0.033. Ili kupata theluthi ya wati kutoka kwenye ukinzani huo unahitaji mkondo wa ampea 3.2.

Hapa ndipo penye kiini. Mkondo uleule wa ampea 3.2 unaopanda kwenye waya umepita kwanza kwenye koili, na unarudi kwa kupitia ardhini. Vyote viko kwenye mstari mmoja. Na kwa kuwa nguvu inayopotea ni ukinzani mara mkondo mara mkondo, kwenye antena hii kila omu moja ya upotevu, popote ilipo, inakula wati kumi. Ukijumlisha omu 100, kama ilivyo kwenye antena yetu, umepoteza wati elfu. Ukiokoa omu 40, umeokoa wati 400. Ni daftari la duka tu: swali ni nani anayedaiwa nini.

Wengi wanaanza na mdaiwa mdogo kuliko wote, waya wa antena. Nimeona watu wakitafuta waya mnene wa shaba kwa bei ya kuumiza, wakiamini ndio utakaowaokoa. Hesabu yake hii hapa. Waya wa kawaida wa umeme wa nyumbani wa milimita za mraba 1.5, mita 52, una omu 0.6 ukiupima kwa mita. Kwenye kilohezi 137 mkondo haupendi katikati ya waya, unatembea pembeni kwenye tabaka la kina cha milimita 0.18, kwa hiyo ukinzani unapanda hadi omu 1.3 hivi. Omu moja na kidogo katika mia. Waya mnene una faida zake nyingine, nitazitaja, lakini si hii.

Koili ina deni kubwa zaidi kidogo. Antena fupi kwa umeme ni kapasita: waya ni sahani moja, ardhi ni sahani ya pili, na kati yao kuna hewa. Yetu ina takriban pikofaradi 300, hicho ndicho kipimo cha kapasita. Kapasita hiyo inaukinza mkondo kwa omu 3,900 hivi. Huu si ukinzani wa kupasha joto, ni wa kusukumana tu, na unaondolewa kwa kuweka koili yenye kiasi hichohicho upande wa pili. Zikilingana ndiyo resonansi, na kinachobaki ni zile omu za upotevu. Koili inayotakiwa ni ya milihenri 4.5, kwa kuwa koili hupimwa kwa henri.

Koili kama hiyo inasukwa kwenye ndoo ya plastiki ya lita 20. Waya wa kusukia mota wenye kipenyo cha milimita 1, mizunguko 157, ukiacha nafasi kiasi kwamba kutoka mzunguko mmoja hadi mwingine ni milimita 2.2. Unakula mita 148 za waya. Usiibane mizunguko ikagusana kwa ajili ya kupendeza macho: mkondo wa waya mmoja unausukuma mkondo wa jirani yake ubanane upande mmoja wa waya, na ukinzani unapanda. Nafasi sawa na unene wa waya wenyewe inasaidia sana. Umbo nalo lina neno lake. Koili nene na fupi inashinda bomba refu jembamba, kwa sababu kila mita ya waya inatoa milihenri nyingi zaidi. Plastiki ya ndoo ya kawaida ni njema kuliko bomba jeupe la maji taka, kwa kuwa plastiki ya bomba hilo hupata joto zaidi ikiwa katikati ya uga mkali wa umeme. Ukisuka kwa uangalifu unafika kwenye omu 10 au chini yake. Kuna waya wa Litz, uliosukwa kwa nyuzi nyingi nyembamba kama nywele, kila moja na rangi yake ya kuhami, ambao unashusha omu hizo hata nusu. Ni waya mzuri. Lakini utakuokolea omu tano katika mia, kwa gharama kubwa kuliko mlingoti.

Zilizobaki, omu 90 kati ya mia, ziko ardhini na kwenye vitu vilivyosimama juu yake. Na hapa watu wa mawimbi mafupi wanapotea, kwa sababu desturi zao hazifanyi kazi vizuri huku chini.

Fikiria uwanja wa mpira mechi ikiisha. Watu wametawanyika majukwaani kote, na geti lililo wazi ni moja. Majukwaani kila mtu anatembea kwa raha, msongamano uko getini. Mkondo wa antena ni hivyohivyo. Unaondoka kwenye waya, unavuka hewa, unatua kwenye udongo eneo zima lililo chini ya antena na kulizunguka, kisha wote unajikusanya kurudi kwenye kile chuma cha ethi ulichokipigilia chini ya koili. Karibu na chuma, mkondo umebanana kwenye udongo kidogo, na hapo ndipo joto linapozaliwa.

Chuma kimoja cha mita 1.5, kwenye udongo wa wastani wenye ukinzani wa omu-mita 100, kina takriban omu 60. Peke yake. Hiyo ni zaidi ya nusu ya deni lote, wati 600 za moto kwa chuma kimoja. Ongeza vyuma vingine vitatu, vikae mbali, kila kimoja kikiwa mita tatu au zaidi kutoka kwa mwenzake, uviunganishe kwa waya. Omu zinashuka hadi karibu 20. Hazishuki hadi 15, kwa sababu vyuma bado vinanyang'anyana udongo kidogo, na ukivipigilia vimesongamana havina tofauti kubwa na kimoja. Jumla ya deni imeshuka kutoka 100 hadi 60, na mashine iliyokuwa ikitakiwa kutoa wati 1,010 sasa inatakiwa kutoa 606. Vyuma vitatu na jasho la nyundo.

Mtu wa mawimbi mafupi atashangaa, kwa kuwa kwake chuma cha ethi ni kinga ya radi tu na hakisaidii antena. Yuko sahihi, kwake. Kwenye megahezi 14 mkondo unazama ardhini mita mbili hivi. Kwenye kilohezi 137, kwenye udongo wa omu-mita 200, unazama mita 19, na kwenye kilohezi 8 unazama karibu mita 80. Ardhi inatumika kwa kina, kwa hiyo kitu kinachoshuka chini kina kazi. Nyaya zilizotandazwa juu ya udongo nazo zinasaidia, hasa zikiwa nyingi na fupi zikienea chini ya antena yote, kuliko mbili tatu ndefu zinazokimbilia kwa jirani. Dawa nzuri ni kuchanganya: nyaya, na mwisho wa kila waya chuma. Anayeishi ufukweni mwa bahari ana bahati ambayo fedha hainunui, mradi aweze kufikisha waya kwenye maji ya chumvi kweli. Kukaa juu ya mwamba mkavu wa matumbawe huku unayaona maji kwa mbali hakuhesabiki.

Wa kwanza kulitatua tatizo la geti kwa ukubwa wa kutisha alikuwa Ernst Alexanderson, injinia Mswidi aliyefanya kazi General Electric huko Marekani. Kituo chake kilichobaki kizima kiko Grimeton, kusini magharibi mwa Sweden, kilijengwa kati ya 1922 na 1924 kwa ajili ya telegramu za kwenda Marekani, na UNESCO ilikiingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2004. Kinarusha kwenye kilohezi 17.2, na hakina hata transista wala valvu ya kurushia: mawimbi yanatoka kwenye jenereta inayozunguka kwa kasi, mashine ya kilowati 200. Bado huwashwa, mkesha wa Krismasi na mwanzoni mwa Julai, na watu wa ridhaa Ulaya na kwingineko huamka mapema kukisikiliza.

Minara yake ni sita, kila mmoja mita 127, imepangwa mstari mmoja wa karibu kilomita mbili. Kwa macho ni minara mikubwa. Kwa wimbi la kilomita 17.4 ni midogo: hata tukikipa kimo fanisi mita zote 127, ambazo hakizifikii, ukinzani wa mnururisho hauvuki omu 0.09. Ethi ya omu mbili tu, ambayo fundi umeme yeyote angeisifia, ingemeza zaidi ya asilimia 95 ya nguvu.

Alexanderson hakutafuta ethi bora kuliko zote. Alifungua mageti sita. Kwenye kila mnara waya unashuka kutoka kwenye nyaya ndefu za juu, unapita kwenye koili yake wenyewe, na kuingia kwenye ethi yake wenyewe. Mashine inalisha mguu mmoja tu, mingine inafuata kwa resonansi. Kila ethi inabeba sehemu ya sita ya mkondo. Nguvu inayopotea inafuata mkondo mara mkondo, kwa hiyo kwenye kila geti upotevu ni sehemu moja ya 36, na kwa kuwa mageti ni sita, jumla ni sehemu moja ya sita ya ule wa geti moja. Zaidi ya hayo, mkondo uliotua mwisho wa antena hauna haja ya kutembea kilomita mbili udongoni kurudi nyumbani. Unaingia geti la karibu.

Jambo ambalo wengi hawaligundui mara ya kwanza ni kwamba koili sita hazina hasara zaidi ya koili moja. Kila koili ni lazima iwe na henri mara sita, kwa hiyo na omu mara sita, lakini zimekaa sambamba, na omu zake kwa pamoja zinarudi palepale. Kinachoshuka ni ethi. Kwa uwanja wa nyuma ya nyumba ujanja huu unawezekana kwa miguu miwili, pengine mitatu. Kazi ni kuzioanisha koili, kwa sababu ukigusa moja zote zinahama. Mimi ningemaliza vyuma na nyaya kwanza.

Sasa zile omu 30 zilizobaki, za mazingira. Mistari ya uga wa umeme inatoka kwenye waya kwenda ardhini, na ikikutana na mti njiani inapita ndani yake. Mti mbichi ni kipande kirefu cha ukinzani kilichojaa maji na chumvi. Mwembe uliosimama karibu na waya unafanya dhambi mbili: unakula nguvu, na unaziba antena, kwa maana kwamba mistari inatua kwenye matawi kana kwamba ardhi imeinuliwa hadi pale, na kimo fanisi kinapungua. Kuta zenye unyevu na paa la makuti lililolowa nazo zimo. Ndiyo maana omu za antena hizi hazitulii. Mvua ikinyesha udongo unakuwa bora na majani yanakuwa mabaya, na anayeshinda inategemea una miti mingi au udongo mkavu.

Dawa ya mazingira haiko chini, iko juu. Kuongeza nyaya za mlalo, mbili au tatu sambamba zikitengana mita moja au zaidi, kunaongeza pikofaradi. Mkondo uleule sasa unapita kwa volteji ndogo, uga unapoa, na koili inapungua mizunguko. Halafu kuna kimo. Ukinzani wa mnururisho unafuata kimo mara kimo: kimo fanisi kikipanda kutoka mita 10 hadi 14, unakaribia kuongezeka maradufu. Mkondo unaotakiwa unashuka hadi ampea 2.3 hivi, na zile wati 606 zinakuwa 310. Mita nne za mlingoti zinalipa kuliko waya wa Litz, zinalipa kuliko kununua mashine kubwa, na zinapunguza hatari pia.

Hatari yenyewe ni hii. Ampea 3.2 mara omu 3,900 ni zaidi ya volti 12,000, ziko juu ya koili na kwenye waya wote wa nje. Zinaunguza ngozi kabla hujahisi umeguswa. Kamba ya katani iliyolowa inaanza kutoa moshi. Ncha ya waya iliyoachwa kama sindano inatoa mng'ao wa zambarau usiku na mlio wa kukaanga, kinachoitwa korona, jina la siku nyingi kabla ya ule ugonjwa. Hapa ndipo waya mnene unapopata kazi yake: uso wenye unene una uga mpole. Kunja ncha ziwe vitanzi, tumia vihami virefu, na koili ikae mahali ambapo mtoto wala mbuzi hafiki.

Kabla ya kubadili chochote, pima. Kifaa kinachohitajika ni kidogo: pete ya feraiti yenye mizunguko kadhaa ya waya iwe transfoma ya mkondo, na osiloskopu, kifaa kinachochora mawimbi ya umeme kwenye kioo, au mita inayosoma masafa hayo. Leta antena kwenye resonansi kwa nguvu ndogo, wati chache tu, soma volti pale unapolisha na ampea zinazoingia, gawanya. Hizo ndizo omu zako zote. Kisha itoe koili, iunganishe na kapasita nzuri ya kiasi kilekile, pima tena: hizo ni omu za koili peke yake. Tofauti ni ardhi na miti. Andika na siku, na kama mvua imenyesha. Na kabla ya kuongeza wati, jua kibali chako kinasema nini, TCRA kwa aliye Tanzania, Mamlaka ya Mawasiliano kwa aliye Kenya. Ugawaji wa dunia ni jambo moja na leseni ya nchi ni jingine.

Haya yote ni ya kurushia. Wa kusikiliza tu alale usingizi. Kelele za radi kwenye mawimbi haya ni kubwa mno, na mashariki mwa Kongo ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa radi zaidi duniani, kiasi kwamba antena yenye hasara inapunguza sauti na kelele kwa pamoja, na uwiano unabaki uleule.

Nimekuwa nikisema koili ni mdaiwa mdogo. Ukishuka hadi masafa ya chini kabisa, daftari linapinduka. Baadhi ya watu wa ridhaa Ulaya na Marekani hujaribu karibu na kilohezi 8.27, chini kidogo ya 8.3 ambapo jedwali la kimataifa la ugawaji linaanzia. Wimbi hapo lina kilomita 36. Antena yetu ileile yenye pikofaradi 300 sasa inakinza omu 64,000, na koili inayotakiwa ni ya henri 1.2. Kwa umbo la ndoo ileile ni mizunguko 2,600, waya wa kilomita 2.4, tabaka juu ya tabaka. Ukitumia waya wa milimita 0.5 una omu 215 za shaba tupu, na koili ndiye mdaiwa anayesimama mlangoni. Ukitumia wa milimita 1 unashuka hadi omu 54, ila shaba inapanda kutoka kilo nne hadi kilo kumi na saba. Waya wa Litz hausaidii sana hapa, kwa sababu mkondo unazama karibu milimita 0.73 ndani ya shaba na waya mwembamba unatumika wote. Kinachosaidia ni shaba zaidi, au kiini cha feraiti ili mizunguko ipungue. Na pikofaradi zaidi kule juu, kuliko vyote.

Ukinzani wa mnururisho nao umefika omu 0.00012. Volti ndizo zinazoweka ukomo: ampea 0.3 tu tayari ni volti 19,000, na kwa mkondo huo antena inarusha kama maikrowati 11. Watu wamezipokea ishara za namna hiyo zaidi ya kilomita elfu moja mbali, kwa kuiacha kompyuta ijumlishe wimbi lilelile kwa saa nyingi hadi litokeze juu ya kelele. Na mashine ya kusukumia, kwa kuwa kilohezi 8 bado ni sauti ambayo sikio la kijana linaisikia, ni amplifaya ya muziki.